Kisigino Kikivunjika: Je, Ni Lazima Kupasuliwa?



Mwezi huu tuzungumze juu ya mfupa mmoja ambao watu hawaufikirii mpaka siku unapovunjika. Ni mfupa wa kisigino. Mimi si dokta. Mimi ni mchungaji, na haya ninayowaandikia niliyajifunza kando ya vitanda vya wagonjwa, kwa kuwauliza madokta maswali mengi hata wakachoka nami. Ninaandika kwa sababu nilimshauri vibaya mama mmoja, na ilibaki kidogo tu mwanawe apoteze mguu kwa maneno yangu.

Kijana aliyeanguka akiwa amesimama

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja wa kanisa letu hapa Butembo alikuwa anachimba zahabu upande wa Manguredjipa, kule Bapere. Asubuhi moja alikuwa akishuka shimoni, kamba ikakatika. Alianguka kama mita 5, akafika chini kwa miguu yake miwili. Wenzake walifurahi. Walisema ana bahati sana, kichwa ni kizima, mikono ni mizima. Lakini alipojaribu kupiga hatua, mguu wa kuume ulikataa.

Walimvuta juu, wakamlaza kambini. Siku 4 alikaa kule. Walimkanda kwa maji ya moto na majani, na kila walipomkanda alipiga kelele, na kisigino kikazidi kuvimba. Siku ya 5 wakamleta Butembo kwa pikipiki.

Nilipofika kwao nilimkuta baba yake mdogo mlangoni. Akaniambia: "Pasta, haiko kitu. Mguu imeteguka tu. Angalia, vidole vinacheza. Tutaita mzee wa kukanda."

Ndugu msomaji, shika neno hili la kwanza. Vidole vikicheza, haina maana kwamba mfupa ni mzima. Mtu aliyeanguka toka juu akafikia visigino, kisha hawezi kukanyaga, ahesabiwe kuwa amevunjika mpaka picha ya radio iseme hapana. Tazama pia chini ya wayo. Ukiona damu imejikusanya pale, nyeusi kama doa la wino, hiyo ni alama kubwa ya mfupa wa kisigino.

Namna mfupa huu unavyopasuka

Mfupa wa kisigino ni mkubwa kuliko mifupa mingine yote ya mguu chini ya kifundo. Lakini haukujaa kama jiwe. Nje una ganda jembamba na gumu, ndani ni kama mkate wenye matundu. Juu yake umekalia mfupa mwingine, ule unaobeba uzito wote wa mwili toka muundi.

Mtu akianguka kwa miguu, mfupa ule wa juu unashuka kwa nguvu kama kabari inavyopasua gogo la msandarusi. Ganda la kisigino linafunguka pembeni. Mahali palipokuwa laini, mifupa miwili ilipokuwa ikiteleza pamoja, panazama ndani. Kisigino kinakuwa kifupi na kipana. Katika watu 4 waliovunjika kisigino, karibu 3 mvunjiko wao umeingia katika kiungo hicho.

Kiungo hicho kina kazi gani? Si kile cha kukunja mguu juu na chini. Ni kile kinachouinamisha mguu huku na huku, ukikanyaga jiwe au ukitembea ubavuni mwa mlima. Fikiri sasa mji wetu wa Butembo. Nani hapa ana njia tambarare toka nyumbani mpaka sokoni? Mtu ambaye kiungo hiki kimeharibika ataweza kutembea ndani ya nyumba, lakini mlima wa shamba utamtesa kila siku.

Na usisahau mgongo. Katika watu 10 waliovunjika kisigino kwa kuanguka, karibu mmoja amevunjika pia mfupa wa mgongo, mara nyingi chini, kiunoni. Maumivu ya mguu yanamziba hata hausikii mgongo siku ya kwanza. Basi mwulize: mgongo unauma? Miguu ina ganzi? Anakojoa vizuri? Ukiona wasiwasi, alazwe juu ya ubao, watu 4 wambebe, wala asikalishwe juu ya pikipiki. Mtazame na mguu wa pili pia, sababu wengine huvunja visigino vyote viwili.

Kijana wetu alipelekwa hospitali, akapigwa radio ya mguu na ya mgongo. Mgongo ulikuwa mzima. Kisigino kilikuwa kimepasuka vipande.

Dokta akatuonyesha ile picha, akachora mistari miwili kwa kalamu. Akatueleza kwamba dokta mmoja wa Vienna, nchi ya Austria, jina lake Lorenz Böhler, aliyekuwa mkubwa wa hospitali ya wafanyakazi walioumia kazini, alionyesha mwaka 1931 namna ya kupima pembe ya kisigino juu ya picha. Kwa mtu mzima pembe hiyo iko kati ya digrii 20 na 40. Mfupa ukizama, pembe inapungua, na ukizama sana inageuka kabisa. Ya kijana wetu ilikuwa karibu kuwa sufuri. Ukipenda, wewe pia mwulize dokta wako akuonyeshe pembe hiyo. Hata radio ya kawaida iliyopigwa toka upande inaionyesha.

Kosa langu

Siku ile tulitazamia apasuliwe mara moja. Jamaa walikuwa tayari wamemwita mtu wa kununua shamba lao. Lakini siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mguu uliwekwa juu ya mito, ukafungwa kibao, basi. Kila asubuhi dokta alikuja, akabonyeza ngozi kwa kidole, akasema: "Bado."

Mama wa kijana akanivuta pembeni, machozi machoni. "Pasta, banatuchelewesha juu hatuna franga. Banangoja tulete kitu."

Na mimi, badala ya kwenda kuuliza, niliamini. Nilimwambia: "Mama, mtoeni hapa. Tumpeleke mahali pengine watakapompasua kesho." Tukaanza kutafuta gari.

Muuguzi mmoja alisikia, akamwita dokta. Dokta hakukasirika. Alinishika mkono, akanipeleka kitandani, akaniambia: "Pasta, angalia hii ngozi. Inangaa, imekazana, na malengelenge iko hapa na hapa. Nikikata leo, sitaweza kuifunga. Itaoza. Mfupa utabaki wazi, na kisha tutakata mguu. Tunangoja ngozi ikunjamane kama ya mzee. Siku ile ndiyo tutapasua."

Niliona haya. Ngozi ya kisigino upande wa nje ni nyembamba, haina nyama chini yake, na damu inayoilisha ni kidogo. Ndiyo sababu madokta wa dunia nzima hungoja kuvimba kushuke, kwa kawaida siku 7 mpaka 14, wakati mwingine zaidi kidogo. Lakini wakipitisha wiki 3, vipande vinaanza kushikana vibaya, na kuvirudisha mahali pake kunakuwa kazi ngumu. Basi hesabu mwenyewe: mlango wa upasuaji haufunguki siku ya kwanza, na baada ya wiki 3 unaanza kufungwa. Kijana wetu alikwisha kupoteza siku 4 kambini. Kama angebaki kule mwezi mzima akikandwa, tusingekuwa na la kuchagua.

Kwa hiyo nawaambia akina mama: kungoja si kuachwa. Wakati ule mguu uko juu, kuliko moyo, dawa iko kazini. Mkiwa na mashaka, mwulizeni dokta: "Tunangoja nini?" Kama anangoja ngozi, atawaonyesha ngozi.

Mambo ambayo hayangoji

Kuna hali 3 ambazo ni za mbio, hata kama ni usiku.

Ya kwanza, mfupa umetoboa ngozi, au kuna kidonda mahali pa mvunjiko. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali siku ile ile. Anahitaji kusafishwa, dawa za kuua vijidudu, na sindano ya pepopunda.

Ya pili, nyuma ya kisigino ngozi imekuwa nyeupe au imeanza kuwa nyeusi. Hapo kipande cha mfupa kimevutwa juu na ule mshipa mnene wa nyuma ya mguu, nacho kinaisukuma ngozi toka ndani. Ngozi ile inaweza kufa kwa muda wa saa chache. Mgonjwa huyu haambiwi kungoja kuvimba kushuke.

Ya tatu, maumivu yanazidi hata dawa haiyashiki, wayo umekuwa mgumu kama ubao, na ukinyosha vidole analia. Damu imejifungia ndani, na nyama za wayo zinakosa pumzi.

Mbali na hayo, mambo ya kufanya shimoni ni machache. Mvue kiatu polepole, kata ikibidi. Usivute mguu. Ufunge kwa mto au blanketi na vijiti viwili, bila kukaza. Weka kitambaa cha maji ya baridi, si ya moto. Inua mguu. Usikande, usichanje. Wazee wetu wa kukanda wana mikono ya hekima kwa mambo mengi, lakini kabari iliyoingia katika gogo haitolewi kwa kukanda.

Je, kila mtu apasuliwe?

Sasa tufike kwenye swali linalouza mashamba ya watu. Wengi wetu tunafikiri hivi: mwenye franga anapasuliwa na anapona, maskini anafungwa plasta na anakuwa kilema. Si kweli.

Kanada walitoa matokeo mwaka 2002, baada ya kuwagawa kwa kura watu zaidi ya 400 waliovunjika kisigino, wengine wapasuliwe, wengine wasipasuliwe. Walipowapima wote pamoja, hapakuwa tofauti kubwa. Lakini walipotazama kikundi kwa kikundi, waliona kwamba wanawake, vijana, na watu wenye kazi isiyo nzito sana walifaidika zaidi na upasuaji. Waliona pia kwamba wale ambao hawakupasuliwa walihitaji zaidi, baadaye, kupasuliwa kwa ajili ya kukigandisha kiungo kilichoharibika ili kisiume.

Uingereza nao walitoa matokeo yao mwaka 2014. Watu 151. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa karibu sawasawa kwa maumivu na kutembea. Lakini matatizo kama vidonda kuoza na kurudishwa kupasuliwa tena yaliwapata 23 katika 100 ya waliopasuliwa, na 4 tu katika 100 ya wengine. Angalia vizuri lakini: utafiti ule wa Uingereza haukuwaingiza watu ambao kisigino chao kilikuwa kimeharibika umbo kabisa, kimepanuka hata kinagusa mfupa wa kifundo cha nje. Wala wenye mfupa uliotoka nje. Hao madokta waliona wanahitaji kupasuliwa.

Basi hivi ndivyo nilivyoelewa mimi. Mvunjiko ambao haukuhama, haupasuliwi. Mvunjiko uliohama kidogo, dokta na mgonjwa wanapima pamoja. Mvunjiko mbaya sana, kisigino kimekuwa kipana na kifupi, kiatu hakiingii, kiungo kimezama, hapo upasuaji una kazi ya kweli: kurudisha umbo, urefu na upana, ili mtu aweze kuvaa kiatu na kukanyaga sawa.

Na kuna mtu ambaye kisu kwake ni hatari kuliko mvunjiko. Mvutaji wa sigara. Mgonjwa wa sukari. Mtu ambaye damu haifiki vizuri miguuni. Mtu ambaye hatatii amri ya kutokukanyaga.

Nilimjua mwashi mmoja wa Beni. Alianguka toka jukwaa la miti ya msandarusi, gorofa ya pili. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alivuta pakiti nzima kwa siku. Dokta alikataa kumpasua. Ndugu zake walinipigia simu wakinung'unika: "Pasta, banamukatala juu eko masikini." Safari hii nilikuwa nimekwisha kujifunza. Nikawaambia waulize sababu. Walipouliza, wakapewa: sukari yake ilikuwa juu sana, na kidonda kisingefunga. Alitibiwa bila kisu. Mguu juu, kibao, kisha mazoezi ya kifundo na vidole mapema, na wiki nyingi bila kukanyaga. Leo anatembea. Kisigino ni kipana, anavaa kiatu kikubwa mguu mmoja, na kwenye mawe anachechemea. Hapandi tena majukwaa. Anawasimamia waashi wengine akiwa chini, na miguu yake yote miwili anayo. Dokta aliyemkataa alimtendea mema.

Upasuaji wenyewe

Kijana wetu alipasuliwa siku ya 13 toka alipoanguka. Asubuhi ile dokta aliikunja ngozi kwa vidole viwili, ikakunjamana. Akacheka, akamwambia mama: "Leo."

Kuna njia mbili kubwa. Ya zamani ni kukata upande wa nje wa kisigino kwa umbo la herufi L, kuinua ngozi yote pamoja, na kuona mfupa wazi. Dokta anainua kile kilichozama, anasukuma ubavu uliopanuka urudi, kisha anafunga kwa bamba la chuma na visi. Njia hii inaonyesha kila kitu, lakini kona ya ile L ndiyo inayopenda kuoza. Njia ya pili ni kukata padogo, sentimeta chache tu, chini ya kifundo cha nje, na kupitisha visi hapo au katika matundu madogo. Vidonda vyake vinapona vizuri zaidi, lakini dokta anahitaji mashine ya kumwonyesha mfupa wakati anapofanya kazi, na mkono uliozoea.

Kabla ya hapo, ikiwezekana, madokta hupenda picha ya skana, inayokata mfupa kama vipande vya mkate. Dokta Roy Sanders wa Marekani alionyesha mwaka 1993 namna ya kuhesabu vipande vya kiungo juu ya skana na kuvipanga katika madaraja 4. Daraja la 1 halikuhama. La 2 na la 3 ndiyo mara nyingi yanapasuliwa. La 4 limesagika, na pengine dokta ataona heri kukigandisha kiungo kabisa.

Si kila hospitali ina skana, wala si kila dokta anayepasua tumbo vizuri amezoea kisigino. Hilo si aibu. Anza na hospitali kubwa ya karibu yako. Butembo tuna Katwa, Kitatumba, Matanda na Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Beni kuna Hospitali Kuu. Hapo piga radio, kisha uliza kama wanafanya kazi hii au wanakutuma mahali pengine. Zamani wengi wetu walishika njia ya Goma kwenda HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na Dokta Jo Lusi, fundi wa mifupa, pamoja na mke wake Lyn. Lakini vita vilipofika Kanyabayonga mwezi wa 6 mwaka 2024, kisha Goma mwezi wa 1 mwaka 2025, safari ile ilivurugika. Wengine hupita Kasindi, wakavuka Mpondwe, wakaingia Uganda. Kule Kisubi, njia ya Entebbe, kuna hospitali ya mifupa na ya walemavu inayoitwa CoRSU. Popote utakapokwenda, uliza kwanza kwa simu, na kumbuka zile wiki 3. Usiuze shamba kabla ya kujua kama mvunjiko wako ni ule unaohitaji kisu.

Siku 84

Kazi ya dokta ilikuwa ya asubuhi moja. Tulipomrudisha kijana nyumbani, tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanaanza.

Dokta alimwambia: wiki 12, usikanyage. Wengine huruhusiwa kuanza kidogo kidogo mapema, lakini wake ulikuwa mbaya. Wiki 12 ni siku 84. Magongo mawili, mguu juu, kifundo kichezeshwe kila siku ili kisigande. Hakuna sigara hata moja, sababu moshi unazuia kidonda kupona. Maharagi, samaki, mayai kama yakipatikana.

Alinitazama akasema: "Pasta, nitalisha batoto namna gani?"

Alikuwa na mke na watoto 2. Mchimbaji hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Asiposhuka shimoni, jioni hakuna unga. Mwenye shimo alileta kitu kidogo mara moja, kisha hakuonekana tena. Wiki ya 3 nilipita kwao bila kuwapasha habari, nikamkuta nyuma ya nyumba amesimama kwa miguu miwili, anapasua kuni za kuuza. Kidonda kilikuwa kinatoa maji. Nilitaka kumkemea. Kisha nikatazama chungu, kilikuwa kitupu. Nikanyamaza.

Ndugu msomaji, mjuavyo habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alianguka akiwa mtoto wa miaka 5, mlezi wake akimkimbiza wakati wa vita, akawa kilema wa miguu yote miwili. Biblia haisemi kwamba mfalme Daudi aliponya miguu yake. Inasema alimrudishia shamba la babu yake, na kwamba alikula mezani pa mfalme siku zote. Usiku ule nilifikiri sana juu ya meza ile.

Jumapili nilisimama, nikawaeleza watu hesabu. Nilisema: siku 84, tumekwisha kula 20, zimebaki 64. Nani atachukua siku moja? Akina mama wa kanisa wakagawana. Mmoja sombe, mmoja unga, mmoja makala. Vijana wawili wakachukua kazi ya maji na kuni. Mwenye chukudu akajitolea kumsukuma hospitali siku za kufunga kidonda, amekaa, mguu umenyoshwa mbele juu ya mto. Watoto wa barabarani walimshangilia kama mtu wa arusi. Kidonda kikakauka. Hakukanyaga tena mpaka siku aliyoambiwa.

Leo hatembei kama zamani. Nisiwadanganye. Asubuhi kisigino kinakuwa kigumu, na mvua ikikaribia kinamwambia. Dokta alisema mguu wa namna hii huendelea kupata nafuu mpaka mwaka mmoja au miwili. Hakurudi kushuka shimoni. Anapima na kuuza mbao, anavaa viatu vya kawaida, na anapanda mlima wa kwao bila fimbo.

Maswali ya kupeleka hospitali

Kateni sehemu hii mkipenda, mwiweke katika Biblia au katika kabati.

1. Dokta, mvunjiko umeingia katika kiungo? Umehama kiasi gani?
2. Mmetazama mgongo na mguu wa pili?
3. Ngozi iko namna gani? Tunangoja nini, na mpaka siku gani?
4. Kwa mtu huyu, mwenye umri huu, kazi hii na afya hii, kupasua kutamwongezea nini kuliko kutopasua?
5. Hapa mmezoea kazi hii, au mnatutuma mahali pengine? Tufike kabla ya tarehe gani?
6. Ni siku ngapi bila kukanyaga?

Swali la 7 si la dokta. Ni la jamaa, la kanisa, la wenzake wa shimoni, na la mwenye shimo pia: katika siku hizo, nani atapika nini?

Lijibuni kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha kisu, tena liandikeni kwa majina na kwa siku. Na ninyi wachimbaji, kabla ya kushuka kesho, vuteni kamba kwanza, mwitazame toka mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa imeanza kulika, mwenye shimo anunue nyingine.

Tutaonana mwezi ujao, Bwana akipenda. Wasalimuni wote walio nyumbani.